Murumbi: Mwanadiplomasia aliyegeuka mlinzi wa kumbukumbu

KILA siku maelfu ya watu hupita kando ya jengo la Makavazi ya Kitaifa, kati ya Moi Avenue na Mtaa wa Tom Mboya jijini Nairobi. Wengi huahidiana kukutana hapo. Ni wachache wanaoingia ndani.

Anayeingia hupokelewa na sanamu, vinyago, nguo na mapambo kutoka pembe zote za Afrika. Humo pia mna maktaba yenye zaidi ya vitabu 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Hazina hiyo ilikusanywa na mtu mmoja, hayati Joseph Murumbi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na baadaye Makamu wa Rais.

Je, ni kipi kilichomfanya kiongozi wa hadhi hiyo kuachana na mamlaka na kuandamana na vitabu?

Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911. Babake alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa, na mamake Mmaasai. Angali mtoto, alipelekwa India kusoma. Hivyo basi, suala la uhamiaji kwake halikuwa somo la vitabuni. Lilikuwa nasaba yake mwenyewe.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na viongozi wa chama cha KAU kutiwa mbaroni, yeye ndiye aliyekaimu wadhifa wa katibu mkuu. Mwaka uliofuata aliondoka nchini kuwatetea Wakenya ng'ambo. Aliishi uhamishoni London, ambako kwa muda alifanya kazi katika ubalozi wa Morocco, hadi aliporejea nyumbani uhuru ukikaribia.

Baada ya uhuru, Mzee Jomo Kenyatta alimkabidhi Wizara ya Mambo ya Nje. Lakini mnamo Februari 24, 1965, rafikiye wa dhati, Pio Gama Pinto, alipigwa risasi nje ya nyumba yake mtaani Westlands. Mwaka 1966 Murumbi aliteuliwa Makamu wa Rais kumrithi Jaramogi Oginga Odinga, na kabla ya mwaka huo kwisha akajiuzulu. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya. Waliomjua wanasema mauaji ya Pinto yalimvunja moyo.

Murumbi hakuandika mabuku ya historia. Alifanya kazi inayotangulia uandishi: kutafuta na kuhifadhi ushahidi. Mwanahistoria asiye na nyaraka ni sawa na hakimu asiye na mashahidi.

Umuhimu wa kazi hiyo unadhihirika tukikumbuka kwamba Waingereza walipoondoka, walibeba mafaili ya siri. Kenya iliyaomba mwaka 1967, ikakataliwa. Ni mwaka 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London, ambapo Uingereza ilikiri kuwa na mafaili takriban 1,500 kuhusu Kenya. Mwaka 2013 ilikubali kuwalipa fidia waathiriwa 5,228. Karatasi zilizofichwa kwa nusu karne zilisaidia kuwapa wazee haki.

Murumbi alikwenda kinyume na mkondo huo: alitafuta maandishi na sanaa ya Afrika, kisha katika miaka ya 1970 akaiuzia serikali mkusanyiko wake ili ubaki nchini. Mwaka 1972 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha duka la sanaa la African Heritage jijini.

Si yote yaliyofaulu. Mpango wa kuigeuza nyumba yake ya Muthaiga kuwa kituo cha utafiti haukutimia, na nyumba hiyo ikabomolewa.

Alifariki mwaka 1990 na kuzikwa City Park, mtaani Parklands, karibu na kaburi la Pinto, jinsi alivyotaka. Kaburi lina wageni wachache, sawa na maktaba yake. Lakini vitabu vingalipo, na mlango wa Makavazi uko hatua chache tu kutoka kituo cha matatu.