Mtaji wa kijana ukikata, chunga ulimi wako

Mzazi, kijana wako amemaliza kidato cha nne, ukampa mtaji mdogo akaanza kuuza juisi. Baada ya miezi miwili mtaji umekata. Maneno utakayomwambia jioni hiyo yanaweza kumgharimu kuliko fedha iliyopotea. Hilo ni suala la afya ya akili, siyo la biashara pekee.

Mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa “naweza” hujengwa kwa njia nne: kufanya jambo mwenyewe na kufanikiwa, kumwona mwenzako akifanikiwa, kutiwa moyo, na jinsi unavyoitafsiri hali ya mwili wako. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu zaidi.

Tuitazame hiyo ya mwisho. Kijana anayetokwa jasho na moyo kumwenda mbio mbele ya mteja hudhani hafai. Mwambie hiyo ni kazi ya adrenalini, humpata kila mtu, na kwa kawaida hupungua kadiri anavyozoea.

Je, uthubutu hufundishika? Mjini Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilifundishwa masomo ya kawaida ya biashara, kama hesabu na masoko. La pili lilifundishwa kuanza jambo bila kusubiri kuambiwa, kuwahi fursa na kuvumilia vikwazo. La tatu halikufundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30 ikilinganishwa na wasiofundishwa. La kwanza lilipata asilimia 11, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Hao walikuwa watu wazima, lakini wanatuonyesha kwamba moyo wa kuthubutu si lazima mtu azaliwe nao.

Nyumbani, fanya haya:

Anza na mtaji ambao hata ukipotea familia italala imekula. Usimbebeshe kijana ada ya wadogo zake kwa biashara ya wiki tatu.

Akipata hasara, kaeni na daftari. Alinunua kwa bei gani? Nini kiliharibika? Nani alikopa hajalipa? Mwulize, kisha mwache ajibu.

Sifia alichokifanya, mfano kuamka mapema au kuandika mauzo. Usimlinganishe na mtoto wa jirani.

Mruhusu ajaribu tena kwa kiasi kidogo zaidi, ili aonje ushindi wake mwenyewe.

Pamoja na hayo, mwangalie afya yake. Akiwa na huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda kwa wiki mbili au zaidi, akakosa usingizi, akaacha kula, akajitenga, au akaanza pombe na kamari ya kubashiri ili “kurudisha hela”, mpeleke kituo cha afya. Sonona inatibika.

Akisema ni afadhali afe, usimkemee wala usisubiri wiki mbili. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za wadudu karibu naye, na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Mtaji unaweza kutafutwa tena. Kijana aliyeaminishwa nyumbani kwao kwamba hana maana huchukua muda mrefu zaidi kuinuka.