Je, Wajua? Bastola ya Mtumba na Namba Yake

Je, wajua kwamba bastola iliyomuua jambazi wa Marekani Billy the Kid ilikuwa ya mtumba? Sherifu Pat Garrett hakuinunua dukani. Desemba 1880, huko Stinking Springs, New Mexico, alimkamata Billy pamoja na wenzake, na mmoja wao, Billy Wilson, akapokonywa Colt yake ya risasi sita. Garrett akaipenda, akabaki nayo. Usiku wa 14 Julai 1881 ndiyo aliyoifyatua ndani ya chumba chenye giza huko Fort Sumner. Baadaye ilihamia mikono mingine, hadi mjane wa Garrett akaenda kuidai mahakamani na kurudishiwa. Tarehe 27 Agosti 2021 wapiga mnada wa Bonhams waliiuza Los Angeles kwa dola milioni 6.03, wakatangaza kuwa ni rekodi ya dunia kwa silaha ya moto. Chuma chake hakina tofauti na cha Colt nyingine za aina hiyo. Kilicholipiwa ni ushahidi kwamba ndiyo yenyewe.

Ndiyo maana mnunuzi mzoefu akishika rivolva kuukuu haanzi kwa kuilenga ukutani. Huipindua akasoma namba. Kwenye Smith & Wesson nyingi za kabla ya Vita Kuu ya Pili, namba ile ile imegongwa chini ya mpini, nyuma ya silinda na upande wa chini wa mtutu. Ukifungua mbao za mpini, mara nyingi utaikuta tena kwa penseli, upande wa ndani wa ubao wa kulia. Namba zikilingana zote, viungo hivyo vilitoka kiwandani pamoja. Moja ikikataa, ujue imepachikwa spea ya bastola nyingine, na bei inashuka hapo hapo. Ukitaka zaidi, hifadhi za nyaraka za Colt na Smith & Wesson hupekua madaftari ya zamani kwa malipo, kisha humwandikia mwenye bastola ilitoka kiwandani lini na ilipelekwa kwa nani. Wengi huomba barua hiyo wakiota jina la sherifu fulani. Mara nyingi hujibiwa kwamba ilikwenda kwa muuza vyuma wa jumla.

Kuhusu kuing'arisha, jibu ni fupi: usithubutu. Ile rangi nyeusi yenye ubuluu iliyochakaa kwa kutiwa na kutolewa kwenye mfuko ndiyo wanayoitafuta wakusanyaji. Anayeisugua kwa msasa hadi ing'ae kama sufuria ya harusi amefuta nusu ya thamani yake, na pengine herufi za kiwanda pia. Mfuko wake wa ngozi nao uhifadhiwe kando, hata kama vilinunuliwa pamoja, kwa sababu ngozi hushika unyevu na unyevu huzaa kutu.

Je, wajua kwamba bastola ya mtumba ya dola 29.95 ilichangia kubadilisha sheria za Marekani? Mwanzoni mwa 1963 mtu aliyejiita A. J. Hidell aliagiza kwa posta Smith & Wesson kutoka Seaport Traders, duka la Los Angeles. Ilikuwa Victory Model, aina iliyotengenezwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na hiyo hasa ilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza. Ilivuka bahari, vita vikaisha, ikarudi Marekani kama mali iliyobaki. Huko fundi akaukata mtutu hadi inchi mbili na robo, kisha akachonga chemba ziingie risasi ya .38 Special, ambayo ni nyembamba kidogo kuliko ile ya asili. Hidell huyo alikuwa Lee Harvey Oswald. Tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais Kennedy, aliitumia kumuua askari polisi J. D. Tippit jijini Dallas.

Ufundi ule wa bei rahisi uliwasumbua wachunguzi wa FBI. Risasi zilikuwa zimepita kwenye mtutu mpana kwao, zikachorwa alama ovyo ovyo, wasiweze kuapa kwamba zilitoka humo. Maganda yaliyookotwa barabarani ndiyo yaliyoitaja bastola. Kisha sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ilizuia watu binafsi kuagiziana silaha kwa posta kutoka jimbo moja hadi jingine. Sheria hiyo hiyo inaihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale, na ndiyo maana mkusanyaji wa Marekani huutazama mwaka wa kutengenezwa kwa makini kuliko urembo.

Ulaya nako kuna visa vyake. Asubuhi ya 10 Julai 1873, mjini Brussels, mshairi Paul Verlaine aliingia dukani akanunua rivolva ya Lefaucheux ya milimita 7. Kabla siku haijaisha alikuwa amempiga risasi ya kifundo cha mkono rafiki yake, mshairi Arthur Rimbaud, na akafungwa jela. Mwaka 2016 rivolva hiyo iliuzwa na Christie's mjini Paris kwa euro 434,500. Rimbaud naye aliacha mashairi, akafika Harar, Ethiopia, na miaka ya 1880 akapeleka msafara wa bunduki kwa Mfalme Menelik. Bunduki zenyewe zilikuwa kuukuu, zimeshaachwa na majeshi ya Ulaya. Mtumba kwa mtumba!

Rivolva nyingine ya Lefaucheux iliokotwa na mkulima shambani huko Auvers-sur-Oise, Ufaransa, karibu na mwaka 1960, ikiwa imeliwa na kutu kiasi cha kutotamanika. Inaaminika, bila uthibitisho kamili, kwamba ndiyo mchoraji Vincent van Gogh aliyojipiga nayo Julai 1890. Mwaka 2019 ililipiwa euro 162,500. Sijui kama ningetaka kukaa na kitu hicho sebuleni.

Rivolva ya Webley, ya Birmingham, ni habari nyingine. Jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1887, na toleo la Mk VI likaja 1915. Maofisa Waingereza wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, waliivaa kiunoni. Inafunguka katikati: unabonyeza kitasa kwa dole gumba, mtutu unainama, na maganda sita yanaruka nje kwa pamoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, nyingi ziliuzwa Marekani, ambako risasi zake za .455 zilikuwa adimu, basi mafundi wakanyoa nyuma ya silinda ili ziingie risasi za .45 za bastola ya jeshi la Marekani. Kosa kubwa. Msukumo wa baruti ya risasi hizo unaweza kupita kiwango ambacho Mk VI ilijaribiwa nacho. Ukiona silinda iliyonyolewa, itazame kama pambo tu.

Na huku kwetu? Kenya na Tanzania hakuna kununua bastola kuukuu mnadani ukaipeleka kabatini kama saa ya ukutani. Bila leseni ni kosa la jinai, iwe ya mwaka jana au ya enzi za mkoloni. Novemba 2016, huko Ngong, serikali ya Kenya ilizichoma moto silaha haramu 5,250. Kwa hiyo ukifungua sanduku la marehemu babu ukaikuta imelala chini ya kanzu, usivute kifyatulio kuona kama bado inafanya kazi, na usiipige picha kuwatumia jamaa kwenye simu. Risasi ya zamani yaweza kuwa bado imo. Iache hapo ilipo, watoe watoto chumbani, kisha waite polisi waje kuichukua.