Mwembe Ulioingilia Ndoa Yetu

Niseme ukweli mwenyewe kabla wifi zangu hawajanisemea. Mwaka wa kwanza niliohamia Tabora nilikuwa na adui mmoja tu, naye alikuwa mwembe. Tena mwembe haswa, watoto watatu wakishikana mikono hawalizunguki shina lake, umesimama katikati ya ua wa nyumba ya wakwe zangu, mtaa wa Gongoni.

Mimi ni mtoto wa Sinza, Dar es Salaam, ambako kivuli ni cha turubai la kukodi au cha ukuta wa jirani. Mume wangu alipopata uhamisho, tukaamua kukaa na mama yake kwenye nyumba aliyoiacha baba mkwe, mtu wa Choma kule Igunga aliyekuja mjini kufanya kazi reli. Ni nyumba ya zamani: kuta nene, dari iko juu, na baraza mbele ya mlango. Kila mgeni aliyefika aliniambia, "Jamani una bahati, mtaa una miti, kimya, na uko mjini hapohapo." Nilikuwa natabasamu tu. Hakuna aliyeuliza nani anafagia.

Uzuri wenye kazi

Majani ya mwembe hayana likizo. Unafagia asubuhi, ukigeuka kuinjika chai ua umechafuka tena. Ikifika Novemba na Desemba, embe zinadondoka juu ya bati usiku wa manane kama mtu anarusha mawe. Popo nao wanakuja kula zao, na asubuhi nzi wanakuja kumalizia. Mchana ni zamu ya watoto wa mtaa, hao wanarusha mawe kweli.

Halafu mtaa wa zamani una macho. Hapa asubuhi unasalimia "mwangaluka", mchana "mwadila", na unasimama kidogo kuuliza habari za nyumbani. Ukipita kimya kama tulivyozoea Dar, taarifa inamfikia mama mkwe kabla wewe hujafika sokoni.

Nisikatae mazuri yake. Soko naenda kwa miguu, stesheni ya treni naenda kwa miguu. Mwezi wa kumi, joto la Tabora linapokolea kabla ya mvua, miti mingi ya porini imebaki vijiti lakini mwembe bado uko kijani. Chini yake unaweza kulaza mtoto mchana bila feni. Ila wakati ule sikutaka kuyaona hayo.

Miti hii ilifikaje hapa?

Mama mkwe ndiye aliyenianzishia somo, tukiwa tunachambua michembe. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo watu walikuja hadi hapa Unyanyembe, kisha wengine wakaendelea Ujiji na ng'ambo ya ziwa, wengine wakapanda kaskazini. Burton na Speke walifika mwaka 1857 wakakuta wafanyabiashara wa Kiarabu wameshajenga. Livingstone na Stanley walikaa pamoja Kwihara, nje kidogo ya mji, mwanzoni mwa mwaka 1872. Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Tembe walimokaa leo ni makumbusho.

Miembe ya zamani inahusishwa na misafara hiyo. Watu walikula embe njiani, wakatupa kokwa, na walipoweka makazi wakapanda. Lakini tusiipambe sana hadithi. Pamoja na wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwa ujira, walipita pia watumwa waliofungwa minyororo. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo, Kwihara ikiwemo, kwenye orodha yake ya awali ya maeneo ya kupendekezwa UNESCO kuwa urithi wa dunia. Kivuli tunachokifurahia leo kuna waliokipita wakilia.

Reli ilipofika kutoka Dar es Salaam mwaka 1912, mji ukapata kazi mpya na watu wapya, akiwemo baadaye baba mkwe wangu.

Hesabu zangu za kwenye daftari

Sasa ndoa. Watoto wetu wawili waliingia shule za kulipia mwaka mmoja, na mshahara mmoja ukaanza kupumulia mdomoni. Nikachukua daftari. Ukikata mwembe, ua unatoa vyumba vitatu vya kupangisha. Kodi ya miezi sita ikilipwa kwa mkupuo, ada ya muhula imetoka. Na mbao unauza. Nikamwonyesha mume wangu, akasoma, akafunga daftari, akaenda kuoga.

Mwanaume wa namna hii akinyamaza ujue hataki. Wiki ya tatu nikashindwa kuvumilia.

"Baba watoto, chagua. Mti au ada?"

"Mama watoto," akajibu taratibu, "mimi ada yangu ilitoka chini ya mti huohuo. Baba alipoachishwa kazi, mama aliuza vitumbua pale. Hakuwa na hela ya kukodi hata kibanda."

Nikajibu kwamba ada za leo hazilipwi kwa vitumbua vya zamani. Najua, nilikosea. Usiku huo tulilala mzungu wa nne, na siku zilizofuata tulikuwa tunaongea kupitia watoto: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako nimeshiba.

Mama mkwe alikuwa anasikia kila kitu. Hakuniingilia hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Siku tatu za msiba wa jirani

Jirani yetu wa upande wa pili alishakata mwembe wake zamani, akajenga fremu mbili za maduka. Mimi nilikuwa namtolea mfano kila siku. Mwezi wa kumi akafiwa na baba yake. Jua lile si la kumkalisha mtu uwanjani, na ua wake umebaki uchochoro wa kupitisha pikipiki. Akaja kwetu, kofia mkononi, akachuchumaa mbele ya mama mkwe.

"Mama, tunaomba kivuli."

"Kivuli hakiombwi, mwanangu. Leteni mikeka."

Siku tatu watu walikaa chini ya mwembe wangu niliouhukumu kifo. Wanaume kwenye viti vya kuazima, wazee kwenye mikeka, wanawake nyuma kwenye mafiga na masufuria makubwa. Nikaingia jikoni na wenzangu, nikachambua mchele, nikateka maji, nikafunga kanga kiunoni. Kwa mwaka mzima nilikuwa "yule wa kutoka Dar". Siku ya pili mama mmoja akaniita kwa jina la binti yangu, "Mama fulani, sogeza chumvi," na wote wakaendelea hivyo hadi leo.

Jioni ya siku ya tatu watu walipotawanyika, niliukuta ua umejaa majani, maganda na mikeka. Nikachukua fagio. Mume wangu akachukua la pili. Hatukusema kitu mpaka tukamaliza.

Uamuzi wa busara

Wenyeji wa hapa wanajua maneno hayo. Januari mwaka 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora, ikakubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wengi hawakuyapenda masharti yale, na kuna waliojitoa. Lakini Nyerere aliwashawishi wakubali kwanza, na uamuzi ule ukaitwa wa busara.

Wa kwetu nao ulikuwa na uchungu wake. Mwembe ubaki. Fundi akapanda na kamba akatoa matawi makavu na yaliyolalia bati. Vyumba tukajenga viwili badala ya vitatu, pembeni, mbali na mizizi. Hela ilitoka wapi? Ni akiba yangu ya miaka minne ya kujenga jiko la kisasa lenye vigae. Hadi leo napikia kwenye jiko la zamani, na ada tunalipa kwa awamu. Sidanganyi kwamba haliniumi.

Ukitaka kuhamia mtaa wa miti mikubwa

• Kagua mti kama unavyokagua paa. Tawi kavu juu ya chumba cha watoto halisubiri mvua ziishe.

• Usichimbe msingi juu ya mizizi. Utaumiza mti, na mti utakupasulia ukuta.

• Kabla ya kukata, ulizia kwanza ofisi ya kata au manispaa kuhusu kibali.

• Salimia. Mtaa wa zamani hauna mlinzi anayezidi jirani anayelijua jina la mwanao.

• Zungumza na mwenzi wako kuhusu hela mapema, na muulize kila kitu pale nyumbani kina maana gani kwake. Mimi niliuliza bei ya mbao kabla ya kuuliza habari za vitumbua.

• Na mgawane fagio. Kwetu Jumatatu hadi Jumamosi ni mimi na watoto. Jumapili anafagia yeye, na mama mkwe anakaa barazani kuhakikisha hajaruka kona.