Nani Hulipia Ua la Shaba?

Ukitoka Kolwezi kuelekea Likasi, nchini Kongo (DRC), pande za Tenke na Fungurume, utaona vilima vyenye upara katikati ya msitu wa miombo. Udongo wake una shaba nyingi kiasi cha kuwa sumu kwa miti. Ni majani na vichaka tu vilivyoizoea sumu hiyo, kikiwemo kijimea Haumaniastrum katangense, ua la shaba, ambalo watafutaji madini walilifuata kama alama ya njia. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 500 za mimea kwenye ardhi ya namna hii, na takriban 30 kati yake hazioti popote pengine duniani. Hapo ndipo penye shida: linalowaonyesha watu mgodi ndilo linaloondoka na mgodi.

Ndiyo maana kwenye mgodi wa Tenke Fungurume, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Gembloux, Ubelgiji, walifanya kazi pamoja na kampuni ya mgodi: kukusanya mbegu, kuhamisha udongo na mimea yake. Kampuni inapata nini? Kwanza, mkopo. Mabenki mengi makubwa hufuata kanuni za IFC, tawi la Benki ya Dunia, zinazodai kwamba makazi ya viumbe adimu yasipungue. Pia inapata muda, maana mradi ukisimamishwa mwezi mmoja unaweza kugharimu zaidi kuliko kitalu kizima cha miche. Jina zuri linakuja baadaye.

Tusichanganye hayo na sheria. Kanuni ya Madini ya Kongo ya 2018 inailazimisha kampuni kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii jirani. Hilo ni deni. Kibao chenye nembo ya kampuni hakiligeuzi kuwa sadaka.

Wanachama wa mashirika ya uhifadhi je? Mwaka 2010, mafuta ya BP yalipokuwa yakimwagika Ghuba ya Meksiko, wanachama wa The Nature Conservancy, Marekani, waligundua kwamba shirika lao lilikuwa limepokea kwa miaka mingi karibu dola milioni 10 za fedha na ardhi kutoka BP na kampuni zake. Wengi walikasirika. Wapo wanaosema fedha ya shimo ni afadhali iende kwenye mbegu kuliko kwa wenye hisa, na sidhani wanakosea. Ila mlipa ada ana haki ya kuuliza jambo jingine: shirika letu litathubutu kusema siku kilima kitakapochimbwa? Kwa hiyo, mimi ningeomba kuuona mkataba wa shirika na kampuni kabla ya kuuliza kiasi cha fedha.

Ningeanzia kwenye kipengele cha kuuzwa kwa mgodi. Freeport-McMoRan iliuza hisa zake za Tenke Fungurume kwa China Molybdenum mwaka 2016, kwa dola bilioni 2.65. Hisani huweza kuondoka na mwenye mgodi aliyeitoa. Sharti lililoandikwa kwenye kibali humkuta anayefuata.