Jina Likibadilika kwa Mzazi: Urithi katika Programu za Kompyuta

Wanafunzi wetu wanaotafsiri istilahi za kompyuta hukwama mara kwa mara kwenye neno "urithi". Katika makala haya tunakusudia kulifafanua kwa kutazama kazi moja ndogo: kubadili jina ndani ya programu.

Tuanze na lugha. Tukiiamuru kompyuta igeuze kila "paa" kuwa "swala" katika insha, mnyama atapata jina jipya vizuri, lakini "paa la nyumba" nalo litakuwa "swala la nyumba". Kompyuta imelinganisha herufi tu, maana haikuitazama.

Programu nazo zina mtego huo. Katika lugha ya Java, klasi ni kielelezo cha vitu vya aina moja, na methodi ni kazi ambayo vitu hivyo huweza kufanya. Tuchukue klasi Mfanyakazi yenye methodi hesabuMshahara. Klasi Kibarua humrithi Mfanyakazi, ila ina hesabuMshahara yake, inayozidisha saa kwa malipo ya saa. Unapoombwa mshahara wa kibarua, hutumika methodi ya mtoto, si ya mzazi.

Tuseme mtu anabadili jina kwa mkono liwe kokotoaMshahara, kwa mzazi na kila inapoitwa, akamsahau mtoto. Programu yaweza kupita bila lalamiko, lakini kibarua sasa analipwa kwa kanuni ya mzazi! Ndiyo maana Java 5 ya mwaka 2004 ilileta alama ya @Override: ikiwekwa kwenye methodi ya mtoto, kosa hilo hukamatwa mapema.

William Opdyke aliyachunguza mabadiliko ya namna hii katika tasnifu yake ya mwaka 1992, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Leo zana kama Eclipse na IntelliJ IDEA hupanda hadi kwa mzazi, hushuka kwa watoto wote, hugeuza na miito yote, kisha huiacha methodi ya jina hilohilo isiyo ya ukoo huo. Hata hivyo, jina lililoandikwa kama matini ya kawaida zinaweza kulikosa. Mtu hana budi kupitia.

Je, huu si upatanisho wa kisarufi? Tukibadili "kitabu" kuwa "daftari", "kitabu changu kimepotea" sharti iwe "daftari langu limepotea". Mwalimu wa ngeli, basi, ana mlango wa kuufundishia urithi.