Presha ya Wazee: Kwa Nini Dawa Haiachwi

Leo katika ukurasa huu wa afya tutasoma habari za presha. Jina lake jingine ni shinikizo la damu.

Magonjwa mengi tunayajua kwa maumivu. Malaria huleta homa na baridi. Jipu huuma. Mgonjwa akimeza dawa, maumivu huondoka, naye hujua kuwa amepona. Presha haifuati njia hiyo. Mtu anaweza kuwa na presha ya juu miaka mingi. Atalima, atavua samaki, atakwenda mnadani, wala hatasikia kitu.

Wasomaji wetu wengine walikuwa vijana mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Walikaa katika vikundi wakasikiliza redio. Walichimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Sisi tulikuwa bado kuzaliwa, lakini tunaisikia habari yake mpaka leo. Maadui wa wakati ule walionekana: mbu, maji machafu, kinyesi. Presha haionekani kwa macho. Huonekana kwa kipimo tu.

Presha ni nini hasa? Moyo ni kama pampu ya kisima cha kijiji. Kila unapopiga, husukuma damu kwenye mishipa. Damu inapopita, hubana kuta za mishipa. Mbano huo ndio presha. Kila mtu anayo, hata mtoto. Ugonjwa ni pale mbano unapozidi. Mishipa ya kijana hunyumbuka kama mpira mpya. Mishipa ya mzee huwa migumu, kama mpira uliokaa juani muda mrefu. Ndiyo sababu presha huwapata zaidi wazee.

Ukipimwa utaambiwa namba mbili. Ya juu ni wakati moyo unaposukuma. Ya chini ni wakati moyo unapopumzika. Presha nzuri ni kama 120 kwa 80. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu. Kwa wazee mara nyingi namba ya juu peke yake ndiyo hupanda. Hiyo nayo ni ugonjwa.

Usipimwe ukiwa unahema. Umetoka mbali kwa miguu, kaa kwanza dakika 5, mgongo uegemee kiti. Kama umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, ngoja nusu saa. Kisha mwambie mganga akuandikie namba zako kwenye daftari. Wewe sasa unajua kusoma. Zisome mwenyewe, uzilinganishe na za mwezi uliopita.

Je, ugonjwa huu ni wa watu wa mjini? Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wazee zaidi ya 2,000 katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Wote walikuwa na miaka 70 au zaidi. Karibu 7 katika kila 10 walikutwa na presha ya juu. Hao ni wakulima kama sisi.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Mzee hupimwa, hupewa vidonge, humeza mwezi mmoja. Akirudi, presha imeshuka. Hufurahi. Kisha huacha. Ukimuuliza, hujibu: "Mjukuu wangu, mbona mimi siumwi?" Ni swali la haki. Jibu lake ni hili: presha imeshuka kwa sababu ya kidonge. Kidonge cha leo hufanya kazi ya leo. Ukiacha, presha hupanda tena, na haitakuamsha usiku kukuambia. Itaendelea kuchosha moyo na kuharibu figo na macho. Siku moja mshipa wa kichwani huziba au hupasuka. Hicho ndicho kiharusi.

Wengine husema: "Mimi naijua presha yangu, ikipanda nasikia." Hawa humeza siku kichwa kinapouma tu. Kichwa huuma kwa mambo mengi, hata njaa na jua. Usikitumie kuwa kipimo. Wengine hutumia kitunguu saumu au majani ya mlonge. Sisemi muache, ni vyakula. Nasema visichukue nafasi ya vidonge.

Kuna dawa nyingine ya kuangalia. Wazee huumwa magoti, nao hununua dukani vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Vidonge hivyo vikimezwa mara kwa mara hupandisha presha na kuumiza figo. Mweleze mganga maumivu yako, atakutafutia dawa inayokufaa.

Tuje jikoni. Sisi wa pwani tumezaliwa karibu na chumvi, na mabwawa ya kuivunia yako pwani yetu hii hii. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, kikiwa sawa, kisijae kilima. Chumvi iliyo ndani ya chakula nayo ihesabiwe. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi nyingi. Waloweke, umwage maji, uwaoshe tena, na ukiwapika usiongeze chumvi. Magadi ya kulainisha maharage au kisamvu hupandisha presha kama chumvi, ingawa hayana ladha yake. Badala yake loweka maharage usiku kucha. Tia ndimu, tangawizi na kitunguu, mchuzi utakolea. Matunda ni mazuri, na machungwa ya Muheza hayahitaji sifa zangu. Tumbaku iachwe. Pombe pia, hata tembo la mnazi.

Ukianza dawa unaweza kuona kizunguzungu unapoinuka. Watu huita presha ya kushuka, wakatupa vidonge. Usivitupe. Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Ukiinuka kutoka kwenye sijida, inuka polepole, shika ukuta au kiti. Ikiendelea, rudi zahanati upunguziwe au ubadilishiwe dawa. Ramadhani ikikaribia, njoo mapema kabla ya mwezi kuandama. Vidonge vingi humezwa mara moja kwa siku, basi vinaweza kupangwa wakati wa futari au daku. Baadhi ya wagonjwa hawafai kufunga, nao wataambiwa wazi.

Kama fedha ndiyo kikwazo, usikae kimya. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitaka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Nenda ofisi ya kijiji uulize utaratibu.

Mwisho nasema na watoto na wajukuu. Mzee akipinda mdomo ghafla, mkono mmoja ukilegea, au maneno yakimtoka ovyo, hicho ni kiharusi. Pwani wengi husema ni upepo mbaya au jini, wakaanza na kombe na mafusho. Saa zinapita, na kichwani sehemu inazidi kufa. Dua msomeeni mkiwa njiani. Mpelekeni hospitali ya wilaya au Bombo mara moja. Msimpe maji, uji wala kidonge, maana hawezi kumeza vizuri na anaweza kupaliwa. Mlazeni kwa ubavu. Angalieni ilikuwa saa ngapi alipoanza, muiandike, na mchukue daftari lake na vidonge vyake vyote. Mganga atakayempokea atauliza hayo kwanza.