Mama Aliyepungua Unene Asiache Kutembea

Akina mama wapendwa, leo twasema nanyi mliopita miaka 45. Wengi wenu mliambiwa na mganga wa zahanati: "Mama, presha yako imepanda, punguza unene." Mkatii. Mkapunguza ugali, sukari na mafuta, mkawa mwaenda kanisani kwa miguu. Baada ya miezi michache gauni likawa pana. Hongereni!

Lakini jihadharini. Wengine wakiisha kupungua huona kazi imekwisha. Jembe humwachia mkaza mwana, maji huchotewa na wajukuu, kanisani huenda kwa pikipiki. Ni kosa.

Sababu ni hii. Mtu apunguzapo chakula, mwili hauli mafuta yake tu, hula na misuli. Nayo misuli ndiyo itumiayo sehemu kubwa ya sukari iliyo katika damu. Ukiacha kutembea waidhoofisha zaidi. Siku chache tu zapita, na sukari ya damu yaweza kuanza kupanda. Baada ya majuma machache, presha nayo.

Kisha unene hurudi. Kwa mama aliyekoma hedhi, mara nyingi hurudi mafuta mengi kuliko misuli, nayo hupenda kukaa tumboni. Mafuta hayo ndiyo yaletayo kisukari na ugonjwa wa moyo. Hivyo mizani yaweza kuonyesha kilo zile zile za zamani, kumbe mama ana nguvu haba kuliko kwanza. Tena hedhi ikikoma mifupa hupungua uimara upesi, na asiyejishughulisha huivunja kwa urahisi akianguka.

Basi yafaa kufanya nini? Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri watu wazima wapate walau dakika 150 za kujishughulisha kila juma. Ndiyo kusema nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku 5. Kwa siku 2 ongeza kazi za nguvu, kama kulima au kutwanga. Usisahau maharagwe, dagaa na mayai, maana hujenga misuli. Uliyekwisha kuacha, anza na dakika 10, kisha ongeza polepole. Kifua kikibana, simama, uende hospitali upesi. Wala usiache dawa zako bila kumwuliza mganga.

Nanyi akina baba na watoto, twajua mwampenda mama, ndiyo maana mwamwambia: "Keti, upumzike." Mpunguzieni mizigo mizito, ni haki yake. Lakini msimnyang'anye kila kazi. Heri mtoto amsindikize mama yake kwenda Misa kwa miguu, wakizungumza njiani, kuliko kumpakia pikipiki kila Jumapili. Mwili ni amana ya Mungu, na kuutunza ni kazi ya kila siku mpaka uzeeni.